Rangi ya Birika

Ua lenyewe si kitu. Ni kitambaa cha pamba kilichokatwa vipande kumi na kimoja, kikakunjwa na kufungwa kwenye waya, na chini yake pana kishikizo cha bati kilichokuwa kimeshaingia kutu kabla mimi sijaanza skuli. Marehemu baba alilinunua Unguja mjini, katika duka moja la Mhindi pale Darajani aliyekuwa akiuza vitu visivyo na kazi. Lilikuja na kadi yake. Kadi ilieleza kwamba kitambaa kimetiwa dawa: hewa ikiwa kavu ua huwa la buluu, hewa ikijaa maji huwa la rangi ya waridi. Baba alimpa mama katika wiki ya pili ya ndoa yao. Mama alikuwa akisema wenzake walipewa dhahabu, yeye akapewa hali ya hewa.

Alisema kwa mzaha, lakini alilitumia. Mama alikuwa mtu wa kuanika. Akianika maembe na ndimu za achari, akianika pilipili, unga wa mchele, magodoro, mito ya sufi. Unguja kuanika ni elimu, kwa sababu mvua haina miadi na hata pasipo mvua kitu huweza kuoza juani. Kwa hivyo kila asubuhi, baada ya kusali, jambo la kwanza alilofanya ni kulitizama ua pale lilipotundikwa kwenye msumari wake karibu na mlango wa uani. Takriban mwaka mzima lilikuwa la waridi. Masika lilikolea mpaka likawa karibu na jekundu. Kaskazi, siku nzuri, mchana lilipauka likaingia zambarau, na hapo mama akaita, "Haya, toeni magodoro." Majirani wakituma watoto waje kuuliza ua linasemaje leo. Sikumbuki hata siku moja alipoharibikiwa na achari.

Baba alifariki kabla hatujaondoka. Tulifika Ibra mwanzoni mwa miaka ya sabini, mama, dada yangu na mimi, tukapokewa na jamaa wa upande wa baba katika nyumba ya udongo yenye kuta nene na uwanja wa mchanga. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na Kiingereza changu, na katika Oman ya siku zile Kiingereza kilikuwa kazi tosha. Mama alikuwa na Kiswahili, Kihindi cha dukani, na Kiarabu cha sala. Alifungua sanduku, akalitoa ua na msumari wake, maana hata msumari alikuwa ameung'oa akaja nao, akaupigilia karibu na mlango.

Kabla ya alasiri ua lilikuwa buluu tupu. Si zambarau, si buluu ya kupauka, bali buluu ya wino. Mama hakuwahi kuliona hivyo tangu aolewe.

"Limekufa," alisema.

"Halikufa, mama. Hewa ya hapa ni kavu, ndiyo maana."

"Hewa gani isiyo na maji hata tone? Watu wa hapa wanavuta nini?"

Nilicheka. Nilikuwa nacheka sana wakati ule, kila mtu aliposema jambo ambalo mimi nilikuwa na jibu lake. Mama akiniita Bwana Kitabu, na mimi nikijiona nimesifiwa.

Ibra kila kitu kinakauka bila ya kuulizwa. Kanga ya kwanza ilikuwa imeshakauka kabla hajamaliza kuitandaza ya pili. Alijaribu achari mwaka ule wa kwanza; alianika maembe asubuhi kwa kipimo cha Unguja, siku tatu, na siku ya pili yalikuwa magumu kama kwato. Alijifunza upya, akaanika nusu siku, kivulini, na achari ikawa nzuri tena, watu wakaipenda. Lakini ile kazi ya kuamka na kutizama na kuamua ilikwisha. Hapakuwa na la kuamua. Kila asubuhi alitizama ua, kila asubuhi buluu. Hapakutumwa mtoto aje kuuliza kitu. Shangazi mmoja wa pale, mtu mwema, aliliona siku ya mvua iliyojaza wadi, bonde la mto mkavu, limegeuka zambarau kwa saa mbili tatu, akashtuka akauliza, "Mo hadha? Sihir?" Kitu gani hiki, uchawi? Mama hakuwa na Kiarabu cha kumueleza. Alilihamishia chumbani, pamoja na msumari wake.

Siku hizohizo ndipo alipolisikia jina la Sur. Mtu aliyetoka huko alikaa barazani akilalamika kwamba kwao Sur nguo haikauki usiku, na asubuhi ukuta unatoa jasho. Mama alikuwa nyuma ya pazia. Mgeni hajamaliza kahawa, mama ameshaniita.

"Mwanangu, Sur iko mbali?"

"Siku nzima kwa gari, mama, na njia yenyewe ni mawe matupu."

"Nipeleke siku moja nikalione ua langu."

Nikasema inshallah, barabara ikitengenezwa. Nilisema kwa moyo safi. Siku zile barabara ilikuwa udhuru wa kweli: gari zilivunjika springi njiani, na mwanamke wa makamo kurushwarushwa siku nzima kwenda kutizama kitambaa kikigeuka rangi, hata yeye mwenyewe alikubali kwamba si jambo la haraka.

Nikapata kazi Nizwa, katika afisi ya serikali iliyosimamia vifaa vya hospitali na vituo vya matibabu. Nilikuwa mtu wa ghala. Humo ndani ya masanduku ya darubini tulikuta vifuko vidogo vya chembechembe za buluu, na mkubwa wangu, Mmisri mpole, akanieleza kazi ya zile chembe: zinanyonya unyevu ili kioo kisiote ukungu, na zikishiba zinageuka rangi ya waridi, basi unazikaanga kidogo motoni zikarudi buluu. Nilifurahi kupita kiasi. Ndiyo dawa ileile ya ua la mama, aina ya chumvi! Sikungoja; Alkhamisi nilikwenda Ibra na kifuko mfukoni nikamueleza mama darasa zima, maji yanaingia, maji yanatoka, rangi si ya ua bali ni ya chumvi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, mikono mapajani.

"Basi Sur utanipeleka lini?" akauliza.

Barabara ya lami ilikwisha. Nikasema gari likipatikana. Gari likapatikana, pikapu nyeupe ya Kijapani, baadaye gari ndogo ya saluni yenye kiyoyozi. Nikasema nikipata likizo. Nikaoa, mke wangu wa watu wa Bara, mzaliwa wa Bujumbura, mchapakazi, naye mara ya kwanza alipokuja Ibra mama alimwambia, "Huyu mumeo ana ahadi yangu ya Sur, mkumbushe." Akanikumbusha. Nikamwambia Idi ikipita.

Ajabu ni kwamba mimi mwenyewe nilikwenda Sur. Kazi ilinipeleka mara mbili katika miaka ile, kuhesabu vitanda na majokofu ya dawa. Mara ya pili, kwa kuwa dhamiri ilinisuta, nikamnunulia mama papa mkavu sokoni, kipande kizuri kimefungwa kwa gazeti, nikampitishia Ibra njiani. Alikishika, akakinusa.

"Papa amekuja," alisema, "mimi sikwenda."

"Kawia ufike, mama."

"Anayekawia akafika ni aliyeondoka."

Dada alicheka mpaka akakaa chini, na mimi pia nilicheka. Mama hakucheka. Alimpika yule papa kwa nazi ya kopo, na mimi nikala sahani mbili.

Sasa nifike kwenye lile la birika, kwani nikilizungukazunguka zaidi itakuwa najificha.

Ilikuwa mwisho wa siku za Idi ndogo, miaka ya themanini imeshaingia. Nyumba ya Ibra ilikuwa imejaa: mke wangu, dada na mumewe, na jamaa kadhaa waliokuja kutoka Mudhaibi na Nizwa, watu wa Unguja wenye vyeo vyao, wengine walionijua kwa sifa ya ujuaji tu. Baada ya chakula mama aliketi kati ya wageni akasema, kwa sauti ya kawaida tu, "Idi imepita, mwanangu. Tunakwenda?"

Mgeni mmoja akauliza wapi. Mama akamueleza habari ya ua, tangu Darajani mpaka hapo, na jinsi mwanawe alivyomuahidi Sur miaka kumi. Watu wakacheka, wakaniangalia. Mmoja akasema, "Ahadi ni deni, bwana." Hapakuwa na ubaya wowote. Lakini nina hasira za karibu, sikatai, na kuchekwa mbele ya watu ndiko kunakonipandisha. Nikaona ninafanywa mwana mbaya kwa ajili ya kitambaa.

"Mama anataka kuliona ua lake la waridi?" nikasema. "Haina haja ya kwenda Sur. Subirini."

Nikaenda chumbani nikalitungua ua. Nikaenda jikoni, birika la chai lilikuwa linachemka kwa ajili ya wageni, nikaja nalo hivyohivyo linafuka, nikaliweka juu ya sinia katikati ya mkeka. Nikalishika ua juu ya mdomo wa birika. Wageni walisogea. Kwanza pembe za kitambaa, kisha kati, buluu ikalegea ikawa zambarau, zambarau ikawa waridi, kwa muda usiotosha kunywa kikombe. Watu walishangaa kweli. Watoto wakapiga makofi. Nikaeleza chumvi, nikaeleza vifuko vya darubini, nikajibu maswali mawili ya yule mwenye cheo kikubwa kuliko wote. Halafu nikampa mama ua lake, linatoa joto, la waridi kama siku ya masika.

Mama alilipokea kwa mikono miwili. Alilitizama muda mrefu, na mimi nilisimama nikingoja anishukuru.

"Hii rangi ya birika," alisema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja aina ya kitambaa dukani. Kisha akawaambia wageni wanywe chai, akaondoka nalo. Dada aliniambia baadaye kwamba alilifunga ndani ya kanga, akaung'oa na msumari, akavitia vyote sandukuni. Tangu siku ile mama hakunitajia Sur. Hata siku moja. Na mimi, Mungu anisamehe, niliona nafuu. Nilidhani jambo limekwisha kwa sababu nimelijibu.

Ilinichukua miaka kufahamu alichokuwa anakitaka. Mimi nilisikia rangi. Yeye alikuwa anataka kuamka asubuhi mahali ambapo hewa ingemjua, jasho lisikauke shingoni kabla halijatoka, alitizame ua, na ua liwe na la kusema. Asubuhi moja tu. Hakuomba kurudi Unguja, hilo alijua halipo. Aliomba safari ya saa mbili.

Moyo wake ulianza kuchoka katikati ya miaka ya themanini. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, akalazwa hospitali ya Ibra, akatoka, akalazwa tena. Daktari alikuwa Mhindi wa makamo, mtu wa maneno machache. Alimkataza chumvi na alimpimia maji ya kunywa: vikombe vitatu kwa siku, basi. Achari ikawa haramu kwake, yeye aliyeipika maisha yake yote. Alikuwa akilala midomo imekauka, na nilipomuuliza hali akisema, "Sasa mimi mwenyewe nimeanikwa."

Ijumaa moja, alipokuwa amelazwa mara ya tatu, dada aliniambia uani, "Mama anaulizia ua lake. Anauliza kama bado lipo sandukuni."

Nikaingia chumbani nikafungua sanduku. Lilikuwepo, ndani ya kanga, buluu. Waya ulikuwa umepinda. Nilimwambia dada ninalichukua Nizwa kulitengeneza, lakini nilikuwa na mpango wangu, na nilipoupata nilijiona mtu mwema. Nitakwenda Sur na ua peke yangu. Mama mgonjwa, hawezi safari, hilo nilijiambia bila ya kumuuliza mtu yeyote. Nitalianika ua kwenye hewa ya bahari mpaka ligeuke lenyewe, bila birika, kisha nitalifunga ndani ya chupa, hukohuko, na hewa yake, kifuniko kikazwe. Ndani ya chupa halitabadilika. Nitamletea Sur kitandani. Nilitafuta chupa ya mdomo mpana, nikapata moja jikoni kwangu, chupa ya achari aliyotupelekea mama zamani, nikaiosha mara tatu kwa sabuni.

Jumatano dada akapiga simu afisini. "Mama anasema uje kesho asubuhi mapema, na uje na ua lake."

"Mwambie nitakuja nalo," nikasema, na nikakata simu nikitabasamu.

Alkhamisi niliondoka Nizwa alfajiri. Ukitoka Nizwa kwenda Sur, Ibra iko njiani. Niliipita kabla ya saa mbili asubuhi, jua limeanza kuwaka, na kutoka barabarani niliona tangi la maji la hospitali na ukuta wake mweupe. Nilifikiria kusimama, nikasema hapana, nikisimama nitachelewa na mshangao utaharibika. Nikakanyaga mafuta.

Sur nilipofika nilizima kiyoyozi, nikafungua vioo vyote, nikaliweka ua juu ya boneti nikalizuia na jiwe. Hewa ilikuwa nzito, imejaa chumvi na harufu ya samaki, shati lilinigandia mgongoni mara moja. Nikakaa kwenye ukingo wa barabara nikangoja. Kiasi cha nusu saa. Likageuka taratibu, kuanzia nje kwenda ndani, na likafika pale lilipokuwa asubuhi za utoto wangu, ile waridi ya kupauka kidogo ya siku isiyo ya mvua. Nilikuwa nimeisahau. Ya birika ilikuwa imekoza mno, sasa ndiyo nilitambua. Nililia kidogo pale barabarani, mtu mzima na saa mkononi. Kisha nikalitia ndani ya chupa, nikakaza kifuniko, nikaizungushia mpira.

Nilifika hospitali baada ya sala ya alasiri, kwani niliponunua petroli pancha ikanishika. Niliingia wodini na chupa nimeifunika kwa kilemba nilichokivua, nimeificha kama mtoto.

Mama hakuwa amelala. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa nguo yake ya kijani ya Idi na ushungi mpya, wanja machoni, viatu miguuni. Viatu vilimbana kwa uvimbe, niliona nyama imefura juu ya kamba. Nikasema, "Shikamoo, mama. Umependeza."

"Marahaba. Nilikuwa nakusubiri."

"Nimechelewa kidogo, lakini hebu tizama nimekuletea nini."

Nikamuonesha chupa. Nikamueleza yote, haraka, kwa furaha: boneti, jiwe, nusu saa, si birika mama, hewa ya Sur yenyewe, nimeifungia humu. Alinitizama mimi zaidi kuliko alivyoitizama chupa. Alitizama shati langu lililokauka na alama nyeupe za jasho, mikono yangu yenye grisi ya pancha. Akaichukua chupa akaielekeza dirishani.

"Kweli," alisema taratibu. "Hii ndiyo yenyewe."

Nilifurahi mpaka nikatafuta kiti.

"Fungua," akasema.

"Nikifungua, mama, litarudi. Humu ndani pana kiyoyozi. Liache hivyohivyo, utalitizama kila siku."

"Fungua, mwanangu. Rangi nimeiona. Nataka hewa."

Nikaondoa mpira, nikafungua. Akainamisha uso juu ya mdomo wa chupa, akafumba macho, akavuta pumzi kwa nguvu zote alizokuwa nazo, akaishikilia. Nikaona midomo yake ikianza kutabasamu.

"Bahari haimo," alisema. "Inanuka achari yangu."

Akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, na mimi nikacheka naye, na mgonjwa wa kitanda cha pili, asiyejua Kiswahili, akacheka kwa kutuona sisi. Kisha akalitoa ua akaliweka kwenye kiganja. Tukakaa. Mara hii lilianzia kati. Sijui kwa nini. Waridi ikaingia zambarau, na zambarau ikakaa muda, kama mchana wa kaskazi, na mama akasema, kwa sauti ndogo sana, "Haya, toeni magodoro." Kisha likawa buluu.

"Nivue viatu," aliniambia. "Vinaniuma."

Nikampigia magoti nikamvua. Alama za kamba zilikuwa za kina, za siku nzima. Niliziona. Nikazisugua kwa kidole gumba, nikamwambia asivae viatu ilhali miguu imevimba, hana adabu ya ugonjwa. Akasema sawa, hatavaa tena.

Alifariki siku ya Jumanne, siku kumi na mbili baadaye.

Tulipomaliza matanga nilikwenda hospitali kuchukua karatasi zake. Yule daktari Mhindi alinipa pole, akatia saini, na nilipokuwa nakaribia mlango akaniita. Aliniuliza kwa Kiingereza kama mama aliifurahia safari.

"Safari gani?"

"Ya Sur," alisema. Mama alimuomba ruhusa yeye mwenyewe. Kwa Kihindi; alishangaa kumsikia mwanamke wa Ibra akisema Kihindi, Kihindi cha sokoni, akapatana naye kama anayepatana bei ya kitambaa. Alimuomba siku moja tu. Na yeye akampa, kwani kukaa ndani ya gari nzuri saa mbili hakumzidishii wala hakumpunguzii kitu, na mtu katika hali ile hanyimwi. Alimwandikia Alkhamisi, kutoka asubuhi kurudi usiku. "Alisema mwanawe anakuja kumchukua asubuhi mapema," daktari alisema. "Nilipopita wodini saa kumi na mbili asubuhi alikuwa ameshavaa."

Nakumbuka nilikuwa nimesimama na karatasi mkononi, nikihesabu. Saa kumi na mbili alikuwa amevaa. Kabla ya saa mbili mimi nilipita pale nje, nikaliona tangi la maji, nikakanyaga mafuta. Alikaa ukingoni mwa kitanda na viatu vyake mpaka alasiri. Na nilipoingia na chupa yangu, nimechoka, nimechafuka, nimejawa na fahari kama siku ile ya birika, alinitizama, akaamua kutoniambia. Angeweza kusema neno moja. Kesho yake ilikuwa Ijumaa, nilikuwa na gari, nilikuwa na siku nzima. Lakini mara ya kwanza aliniomba akapewa mvuke, mara ya pili akapewa chupa, na nadhani hakuwa na nguvu za kuniomba mara ya tatu. Au alinionea huruma. Hilo la pili ndilo linaloniuma zaidi. Wazee walisema majuto ni mjukuu, huja kinyume. Wangu alikuja na hapana pa kumrudisha.

Nilipofika nyumbani nilimuuliza dada kama alijua. Hakujua. Mama alimwambia tu aniite nije mapema na ua. Dada akaenda akaleta mkoba ambao wauguzi waliutoa chini ya kitanda, mkoba mdogo wa ngozi ambao hatukuwa na moyo wa kuufungua. Tukaufungua pale mkekani. Mlikuwa na kanga mbili mpya, chanuo, msahafu mdogo, na kikombe chake cha plastiki, ili asizidishe maji njiani. Chini kabisa, umefungwa kwa kitambaa cha mkono na kupigwa mafundo mawili, tulikuta ule msumari.

Ua ninalo Nizwa, ndani ya sanduku. Watoto wangu waliwahi kuniomba niwafanyie ule mchezo wa birika waliousikia kwa watu, nikawakataza kwa ukali kuliko walivyostahili. Sur kazi bado inanipeleka, mara moja au mbili kwa mwaka. Nalala huko usiku mmoja, nazima kiyoyozi, na asubuhi naamka nimelowa jasho. Msumari sijaupigilia popote.